Mistari ya Chaki Chini ya Zulia

Alhamisi ilikuwa siku ya njiti. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye kibao cha mlango wa chumba cha mazoezi pale hospitali, na neno hilo lilimchoma Baba Chembe kila alipolipita. Njiti! Kana kwamba watoto waliotoka tumboni kabla ya siku zao wametolewa kwenye kiberiti. Hakuwa msomi, shule ilimtema darasa la nne, lakini hayo machache aliyoweza kuyasoma aliyasoma kwa hasira.

Alikuwa fundi makochi, mtu wa mabega mapana na tumbo la kutosha, vidole vimekakamaa gundi. Mtaa mzima ulimjua kwa mambo mawili: makochi yake hayabonyei, na mdomo wake haufungwi. Afisa wa maji alimjua. Karani wa makaburi alimjua zaidi ya wote. Tangu mkewe afariki, miezi mitano iliyopita, hapakuwa na ofisi ambayo hakuigongea meza. "Wakubwa ni kama springi mbovu," alikuwa akisema. "Ukiwakalia wanalia, ukiinuka wanarudi vilevile."

Siku hiyo alikuja na mama mkwe wake, aliyehamia kwake baada ya mazishi ili amlee mjukuu. Na mapajani mwa bibi alikaa Chembe mwenyewe: miezi kumi na minne, meno sita, macho ya mama yake, na miguu isiyotaka kazi. Jina hilo la utani alipewa na mama yake siku alipozaliwa, wiki nane kabla ya wakati. Baba alipomwona mara ya kwanza alimpima kwa jicho la ufundi, akakuta hajazi hata mto mdogo wa kochi.

Mwanamke mfupi wa viatu vya raba akawafungulia. Ndiye aliyewanyoosha watoto viungo, na watu wote walimwita Dada Mazoezi.

"Chembe! Umekuja kunisumbua?"

Akamlaza kifudifudi kwenye mkeka. Chembe akaweka shavu chini, akaiachia mikono ubavuni kama mtu aliyesusa dunia, akaanza kulia. Dada Mazoezi akatikisa njuga mbele yake. Kichwa kikainuka kidogo, kikarudi. Akamkalisha, akakaa vizuri tu, akanyamaza. Akamrudisha tumboni; kilio kikaanza upya. Yule mwanamke akachukua kadi, akaisoma, akaigeuza, akaisoma tena.

"Baba, hii kadi inanisimulia mtoto mwingine. Alipokuwa na miezi minane na nusu alijisukuma kwa tumbo hapahapa, nikimwona. Mkono huu, mkono huu, kama askari vitani. Sasa kumetokea nini?"

"Kumetokea nini? Mama yake mmemuua, ndicho kilichotokea."

Wanawake wawili waliokuwa na watoto wao wakainamia nepi ambazo hazikuwa na haja ya kufungwa. Wote waliijua habari ile. Presha ndiyo iliyomtoa Chembe tumboni mapema, na presha hiyohiyo ikarudi kumchukua mama. Mara tatu alikuja kupimwa, mara tatu akaambiwa mashine imeharibika, njoo Jumanne. Jumanne ya nne hakuamka.

"Pole, baba," akasema Dada Mazoezi. "Hilo sina jibu lake, na sitajifanya ninalo. Nakuuliza la mtoto."

"La mtoto ni hilo unaloliona! Miezi kumi na minne, hasimami. Wenzake wanakimbiza paka."

"Kwa hesabu yetu ana kumi na miwili. Tunaanzia siku aliyopaswa kuzaliwa."

"Mnaona?" Akawageukia wale wanawake. "Hata miezi wanaiba!"

Mmoja akacheka, akakimeza kicheko. Dada Mazoezi hakucheka.

"Na mazoezi ya nyumbani? Nani anamfanyia sasa? Mama yake nilimfundisha. Mtoto akiwa macho, kifudifudi, mahali pagumu, na wewe mwenyewe uko mbele yake. Alikuja mara sita."

"Mazoezi gani?" akasema Baba Chembe. "Sisi hatukufundishwa chochote. Ninyi mnakaa hapa mnakunywa chai, mtoto wa watu anaozea mikononi."

Uongo ule ulitoka laini kama sponji mpya. Dada Mazoezi akamtazama mama mkwe, akingoja. Mama mkwe akaziangalia ndala zake, kana kwamba zimeandikwa jambo la maana.

Angeishia hapo, lakini Baba Chembe hakujua kuishia. Alikwenda moja kwa moja kwa msimamizi wa hospitali, bwana mwenye tai na meza kubwa isiyo na kitu juu yake. Safari nyingine zote bwana huyo alimwambia njoo wiki ijayo. Safari hii alimvutia kiti.

"Hukufundishwa kabisa?"

"Kabisa."

"Hata mkeo?"

Akasita kidogo tu. "Hata yeye."

Msimamizi akaandika kwa furaha isiyo ya kawaida. Chumba kile cha mazoezi, akaeleza huku akiandika, kilikuwa na watoto saba tu kwa wiki, na yeye alikuwa akikitaka kiwe stoo tangu mwaka jana. Yule dada mbishi wa mazoezi alikuwa akimkatalia. Sasa ataitwa Jumatatu kujieleza. Akishindwa, atahamishwa, na mlango utafungwa. "Weka saini hapa, mzee wangu."

Mzee wangu! Miezi mitano ya kugonga meza, leo ndiyo amekuwa mzee wa mtu. Baba Chembe akaweka saini. Alitoka nje akijiambia ameshinda, na alipofika getini akajiambia tena.

Jumamosi asubuhi Chembe alipindua bakuli la maziwa sebuleni.

Alilipindua akiwa ndani ya kiota chake, na kiota hicho kinahitaji kuelezwa. Baba yake alikitengeneza mwezi ule waliporuhusiwa kutoka hospitali: sponji tabaka mbili, kuta za kufika kifuani mwa mtoto, kitambaa laini cha rangi ya divai kilichobaki kwenye makochi ya tajiri mmoja. Watu walikuja kukishangaa. Mtoto akiwekwa humo alizama kwa starehe, hakuna pa kuanguka, hakuna pa kujigonga. "Kazi yangu," Baba Chembe aliwaambia wageni, "ni kuuondoa ugumu duniani." Na tangu mazishi, Chembe alikaa humo asubuhi hadi jioni, ila pale tu bibi alipombeba mgongoni.

Maziwa yakateremka hadi kwenye zulia. Mama mkwe akasema likisubiri litanuka, litolewe leo. Baba Chembe akasogeza kochi, akashika zulia upande mmoja, akalikunja. Halikuwa limeinuliwa tangu msiba.

Sakafuni, kwenye saruji, palikuwa na mistari.

Ilikuwa mistari mifupi ya bluu, miwilimiwili, imefutikafutika kwa vumbi lakini ipo, na kila jozi na tarakimu zake pembeni. Baba Chembe akapiga magoti. Ile ilikuwa chaki yake mwenyewe ya kukatia vitambaa, chaki aliyoitafuta mwaka jana mpaka akamtukana mkewe kwamba nyumba hii ina panya wa kula chaki. Mkewe alicheka. "Labda anajifunza kuandika," alisema.

Herufi zilimshinda maishani, lakini tarakimu zilikuwa ndugu zake. Zile za pembeni zilikuwa tarehe. Akachomoa futi mfukoni, akapima. Jozi ya kwanza, karibu na mlango, sentimita mbili. Ya pili, mbili na nusu. Siku nyingine hapakuwa na jozi bali mstari mmoja tu: mtoto hakwenda popote, na mama yake ameandika hivyohivyo bila kudanganya. Sita. Nne. Kumi na moja. Alitambaa nazo kwa magoti, mtu mzima na tumbo lake, futi mkononi, jasho likimdondoka. Ishirini na tisa. Arobaini. Ya mwisho, sitini na moja.

Mbele yake, mpaka ukutani, hatua tatu nzima za saruji tupu.

Jozi ya mwisho ilikuwa ya tarehe kumi na nne, na tarehe hiyo aliijua kama anavyolijua kovu la patasi kwenye gumba lake. Siku hiyo alisahau futi nyumbani, akarudi mchana kuifuata. Alikuta zulia limekunjwa, mtoto amebwagwa kifudifudi kwenye saruji analia machozi na kamasi, na mama yake amelala chini mbele yake, shavu sakafuni, anamwita: njoo, njoo kwa mama, mama yuko hapa. Na anacheka!

"Umerukwa na akili?" alipiga kelele. "Siku arobaini nimekaa nje ya ile wodi nikiomba huyu mtoto avute pumzi, wewe unamtandaza chini kama nguo? Nimemshonea kitanda cha kifalme!"

"Baba Chembe, wamenifundisha kule. Mtoto lazima asukume. Kwenye sponji hana cha kusukumia, anazama tu. Tazama leo ametoka pale, mpaka…"

"Wamekufundisha! Walewale wasio na mashine ya kukupima presha ndio wa kukufundisha? Chembe hawekwi sakafuni tena maadamu mimi ni hai. Umenisikia?"

Mkewe akakaa kitako, akampangusa mtoto kamasi kwa pindo la kanga.

"Haya, Baba Chembe."

Wiki tatu baadaye alikuwa kaburini.

Sasa Baba Chembe akainuka, akaingia chumbani mbiombio, akavuta kitanda, akafunua mkeka. Saruji tupu. Akaenda jikoni, akasukuma mapipa ya maji. Akatoka hadi karakana nyuma ya nyumba, akabeba mafungu ya sponji moja moja, akafagia vumbi la mbao, akaangalia kona zote. Alirudi ndani amepauka kwa vumbi kama mtu aliyetoka kusaga unga. Mama mkwe alikuwa bado amesimama pale pale na kitambaa cha kufutia maziwa.

"Unatafuta nini, baba?"

"Mama, aliendelea wapi? Kwako? Alikuwa anamleta kwako mchana, sivyo? Kwako ndiko alikokuwa akimfanyisha."

Mama mkwe akakikunja kile kitambaa cha maziwa.

"Wiki tatu, mama! Mtu hawezi kufanya kitu kila siku halafu akakiacha kwa neno moja. Niambie alinificha. Niambie alinidanganya, wallahi sitakasirika."

Huyu alikuwa mume aliyejisifu kwa wenzake kwamba mkewe hajawahi kumvunjia neno. Sasa alikuwa amesimama katikati ya sebule akiomba aambiwe kwamba alivunjiwa hata moja, hata mara moja tu, nyuma ya mlango.

"Alikuja kwangu siku ileile," mama mkwe akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Amembeba mtoto. Akasema, mama, Baba Chembe amekataa, nifanye kwako? Nikamwambia, mwanangu, nyumba haijengwi kwa siri. Mtii mumeo. Akishapoa utamweleza."

"Akakubali?"

"Alikuwa mtoto wa kukubali. Nilimlea hivyo."

Wakatazamana, mkwe na mkwe. Ndiyo maana siku ile ya Alhamisi zile ndala zilikuwa na maandishi. Baba Chembe alitaka kusema kitu kikali, mdomo ulikuwa umezoea, lakini hapakuwa na meza ya kugonga. Watu husema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Na yule ambaye mamaye alimfunza vizuri, kwa sentimita, kwa chaki ya wizi, akaja baba akamzuia, huyo hufunzwa na nani?

"Zulia lisirudishwe," akasema hatimaye. Na sakafu hiyo hakuna aliyeifagia siku mbili zile.

Jumatatu alivaa shati la kuendea mazishi. Ofisini alimkuta Dada Mazoezi ameshakalishwa mbele ya meza, mikono mapajani, na karani pembeni na daftari. Mama mkwe, na Chembe mgongoni, alibaki mlangoni.

"Umekuja wakati mzuri, mzee wangu," akasema msimamizi. "Tunaanza."

"Nimekuja kufuta."

"Kufuta nini?"

"Ile barua. Nilisema uongo."

Msimamizi akailegeza tai. "Barua imeshapelekwa juu, mzee. Ukiifuta leo, utaonekana mwongo."

"Mwongo aonekaneje basi?" Akamgeukia karani. "Andika, kijana. Mke wangu alifundishwa. Akafundishika. Alikuwa anafanya, na mtoto alikuwa anakwenda. Alikwenda sentimita sitini na moja. Mimi nilimkataza."

Kalamu ya karani ikasimama. Msimamizi akakohoa. "Labda tuweke hivi: palikuwa na hali ya kutoelewana baina ya wanandoa kuhusu…"

"Tulielewana sana. Ndiyo taabu yenyewe. Nilisema, akanielewa, akaacha. Andika nilivyosema."

Ikaandikwa. Akasomewa. Akatia saini, ile saini yake ndefu ya kwenye stakabadhi za makochi.

"Kwa hiyo malalamiko yote unayaondoa," akasema msimamizi, akinyoosha mkono kwenye faili.

"Ya huyu dada. Ile ya mashine ya presha siiondoi. Mke wangu alikuja mara tatu. Hiyo iandike kwa wino mzito, na nitaileta tena wiki ijayo, na wiki itakayofuata."

Huko nje Dada Mazoezi akawafikia kwenye ngazi. Baba Chembe alikuwa amejiandaa kutukanwa, angefurahi kutukanwa.

"Nyumba yenu iko wapi?" akauliza yule mwanamke. "Nataka kuiona hiyo sakafu."

Alifika mchana. Akavua raba zake mlangoni, akatembea kando ya mistari bila kuikanyaga, kutoka ya kwanza mpaka ya mwisho, akarudi. Akakaa chini.

"Mimi sikumfundisha kuweka alama," akasema. "Hii ni akili yake mwenyewe."

Kisha akakiona kiota. Akabonyeza kwa ngumi, ngumi ikazama mpaka kwenye kifundo.

"Usiku analala humu pia?"

"Humo humo."

"Kuanzia leo asilale humu, baba. Chali, kwenye godoro gumu. Sponji hii ingeweza kumziba pumzi."

Baba Chembe alikuwa bado hajamaliza kulimeza la kwanza, akaletewa la pili. Alikaa kwenye kochi lake mwenyewe, kochi lisilobonyea, akashika kichwa.

"Ni mimi?" akauliza. "Hiyo miguu. Nataka jibu la kweli, sitaki la ofisini."

"Sijui. Njiti wengine huchelewa tu, hata mama awe bingwa. Pengine kuna jambo ndani ya mwili tunalopaswa kulitafuta, na tutalitafuta. Lakini miezi mitano ya kuzama humo haikumsaidia, hilo siwezi kukuficha."

Hakulia. Alitikisa kichwa kama mtu anayekubali bei.

"Haya," Dada Mazoezi akasema. "Shuka hapo. Lala chini."

"Nani?"

"Wewe. Mimi nikimwita anamwona mtu wa njuga. Anataka uso anaoupenda."

"Mbele ya mama mkwe nilale chini kama mjusi?"

"Lala, baba," mama mkwe akasema. "Nimeshaona mengi mabaya zaidi."

Akalala. Tumbo lilitangulia, kifua kikafuata, mwisho shavu likagusa saruji pale pale lilipokuwa shavu la mkewe. Ilikuwa baridi na ngumu. Chembe akawekwa mbele yake, kwenye tarehe kumi na nne. Akalaza kichwa. Akaanza kulia, kilio kilekile kilichomfanya siku ile apige kelele. Mikono ya Baba Chembe ikainuka yenyewe kutaka kumnyakua, na Dada Mazoezi akamshika vifundo.

"Mwite tu."

"Njoo," akasema. "Njoo, Chembe. Njoo kwa… baba yuko hapa."

Chembe akainua kichwa. Akamwona babake amelala chini, jambo ambalo hajawahi kuliona, akanyamaza kwa mshangao. Akabandika viganja viwili kwenye saruji. Akasukuma, uso ukamwiva kwa nguvu, na mwili mzima ukatembea: nyuma. Ukateleza kinyumenyume, ukamwacha baba yake mbele na kwenda kule ilikoanzia mistari ya mama yake. Akashangaa mwenyewe. Akashusha kichwa, akapumzika.



"Kurudi nyuma kunahesabiwa?" Baba Chembe akauliza, shavu bado sakafuni.

"Kunahesabiwa. Kusukuma ni kusukuma."

Mama mkwe akatumbukiza mkono kwenye fundo la kanga yake, akatoa kipande cha chaki ya bluu, kimeliwa mpaka kubaki kama ncha ya kidole. Hakusema amekitoa wapi, wala amekaa nacho tangu lini. Akakiweka sakafuni karibu na mkono wa mkwewe.

Baba Chembe akapiga mstari pale viganja vilipoanza, na mwingine pale vilipofika. Akachukua futi. Sentimita nne, nyuma. Akaandika tarehe pembeni kwa tarakimu zake kubwa za kifundi, akasita, kisha akachora kamshale kadogo kuonyesha mtoto alielekea upande gani, ili asije akamdanganya mtu.